Jebet wa Kompyuta Ameshiba

Kwao kina Jebet, huko Nandi ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, mtoto aliyezaliwa mchana huitwa Kibet akiwa wa kiume na Jebet akiwa wa kike. Jina ni lile lile na mchana ni ule ule. Tofauti ni kile kipande cha mbele tu, kifupi kuliko chafya. Siku ya kuzaliwa kwake wakunga walimgeuza, wakatazama walipotazama, wakatangaza Kibet, wakaenda kunywa mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni. Yeye hakuulizwa. Lakini tangu alipoanza kujitambua alijua kwamba kile kipande cha mbele wamekikosea na kwamba yeye ni msichana. Wasomi wa siku hizi wana neno lake, wanasema transjenda. Kwao hawakuwa na neno, walikuwa na fimbo.

Akakua hivyo, jina la watu likiwa kwenye vyeti na jina lake likiwa moyoni, na hivyo hivyo akapanda ndege kwenda Doha, kwenye kampuni ya usafi inayofagia nusu ya mji ule na kung'arisha nusu iliyobaki. Ndani ya ndege alikaa na Roselyne, msichana wa Kakamega mwenye mdomo usiojua kupumzika. Kabla hawajavuka bahari Roselyne alikuwa ameshamchungulia mpaka ndani, akamuuliza, "Wewe jina lako hasa ni nani? Si hilo la pasipoti. Lako." Akaambiwa. Toka siku hiyo hakumwita jina lingine.

Nchi ile haina utani na mtu ambaye karatasi zake zinasema mwanamume halafu yeye akaonekana kama mwanamke. Unaweza kushikwa, ukafungiwa, ukarudishwa kwenu na mkoba mmoja. Kwa hiyo Jebet alivaa kofia mpaka kwenye nyusi, akaongea kidogo, na akamshukuru Mungu kwamba sare ya kampuni ilikuwa moja kwa wote, suruali ya kijivu na shati la kijani. Kiswahili nacho kilimsitiri. Kiswahili hakina umbeya wa kuuliza. Kinasema amekuja, amekula, amelala, na nani huyo aliyelala, bwana au bibi, hakitaji. Wakenya na Waganda wa kampuni ile waliweza kumsengenya kutoka asubuhi hadi jioni na Mhindi anayejifunza Kiswahili asijue wanamteta kaka au dada.

Makazi yao yalikuwa Abu Hamour, majengo mawili yanayotazamana, moja la wanaume na moja la wanawake, jiko likiwa katikati. Jebet alipewa kitanda upande wa wanaume, karibu na mlango wa choo, kwa sababu pasipoti ndiyo inayogawa vitanda.

Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Sheria ya huko inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula au pesa ya chakula, na kampuni ilikuwa inatoa pesa. Jebet alijinunulia mayai, maharagwe, spinachi na maziwa, akajipikia, akala mbele ya dirisha kwa amani. Alikuwa na mashavu wakati huo. Roselyne anasema yalikuwa mashavu ambayo ukiyabonyeza yanakurudishia kidole.

Kisha wakubwa wakakaa kikao. Hakuna mtu aliyewahi kukaa kikao akatoka na kitu cha maana kwa tumbo la mwingine. Wakaamua pesa ikatwe, chakula kipikwe na kampuni, na kupika vyumbani kuwe marufuku kwa ajili ya moto. Jiko likawa mesi, likatobolewa milango miwili, wanaume huku, wanawake kule.

Upande wa wanaume Jebet aliingia mara moja wakati wa msongamano, na hiyo mara moja ilitosha. Wakati anapita na sahani yake, meza nzima ilianza kugonga vijiko kwa mapigo ya hatua zake. Akitembea wanagonga, akisimama wanaacha. Mmoja akamwinukia akaishika sahani yake vile Jebet anavyoishika ya kwake, kidole kidogo juu, na watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Baada ya hapo akawa anakuja wa mwisho kabisa, wakati sufuria zina mifupa na maji ya mchuzi, na mpishi amekwisha kufunga aproni yake begani kama mtu anayeondoka matangani.

Mashavu yakaanza kwenda zao.

Halafu zikaja kadi. Kampuni iligundua kwamba watu wa nje wanaingia kula, basi kila mfanyakazi apewe kadi, kila mlango uwekewe mashine, na majina yote yaingizwe upya kwenye kompyuta. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Cheryl, karani wa ofisini, Mkipsigis wa Kericho, kucha ndefu na akili nyepesi kama ya mtu aliyekunywa chai ya kwao. Karani Mnepali angelikuta jina "Kibet" na herufi ya kiume, angeliandika na kwenda zake, kwa sababu kwake Kibet na kabati ni majamaa. Cheryl hakuweza, maana Wakipsigis nao huita watoto kama Wanandi. Aliona Kibet, akaona picha, uso laini, macho yaliyotulia, akatikisa kichwa. "Hawa watu wa ajenti," akasema peke yake, "hata msichana wa watu wanamwandika Kibet." Akafuta kile kipande cha mbele, akaweka cha kike. Akafuta na herufi ya kiume, akaweka ya kike. Kisha akaenda kwenye jina lililofuata, moyo wake mweupe, kama mtu aliyemtoa nzi kwenye uji wa jirani.

Ndivyo Jebet alivyosimama foleni, akanyoosha mkono, akapewa kadi ya plastiki yenye sura yake, na chini ya sura yake maandishi makubwa: JEBET.

Alidhani joto limempiga. Akaisugua kwa kidole gumba, herufi hazikutoka. Akarudi chumbani, akaketi kitandani, akaitazama mpaka wenzake wakadhani amefiwa. Katika dunia nzima, kutoka zahanati ya kwao mpaka uwanja wa ndege, hakukuwa na kitu chochote kilichoandikwa ambacho kilimwita hivyo. Akailaza chini ya mto.

Jioni akaenda kula, kwa mazoea, mlango wa wanaume. Hapo alisimama Herbert, mlinzi wa Busia, mtu mpole asiyependa neno. Jebet akaigusisha kadi, mashine ikawaka nyekundu.

"Imekataa, ndugu yangu," Herbert akasema.

"Jaribu tena."

"Nimejaribu. Inasema uende mlango wa pili."

"Mlango wa pili ni wa wanawake."

Herbert akaisoma kadi, akamtazama, akaisoma tena, akatazama juu kama anayetafuta mvua. "Mimi sijasema kitu," akasema. "Mashine ndiyo imesema."

Jebet akazunguka. Mlango wa pili mashine ilimwakia kijani na kutoa mlio mtamu, na harufu ya kuku ikamjia puani kama shangazi aliyefungua mikono. Lakini kati yake na kuku alisimama Peninah, Mganda wa Masaka, mlinzi aliyeokoka na mwenye mabega ya kubebea kabati. Hivi karibuni msichana mmoja alimwazima mpenzi wake kadi, jamaa akala sahani za kutosha harusi, na toka hapo Peninah aliagizwa atazame kadi na bataka, yaani kile kitambulisho cha serikali, pamoja.

"Bataka," akasema.

Jebet akaitoa. Peninah akaviweka viwili kwenye kiganja.

"Hii inasema Jebet. Hii inasema Kibet. Wewe ni yupi?"

"Mimi ni wote wawili."

"Nimeambiwa kadi moja mtu mmoja. Wawili ni wengi. Rudi nyuma, sse…" Akasita. Kwao Uganda mwanamume huitwa ssebo na mwanamke huitwa nyabo, na bila mojawapo ya hayo Mganda hawezi hata kukuomba chumvi. "Rudi nyuma, nya…" Akasita tena, akakasirika, kama mtu aliyekosea ngazi gizani. "Rudi tu."

Haya. Mlango mmoja mashine haimtaki, mlango mwingine mashine inamtaka na mtu hamtaki. Kila jioni alijaribu, akiomba Peninah awe ameugua japo kikohozi. Peninah hakuwa mtu wa kuugua. Kadi iligusa, mashine ikalia kijani, bataka ikatazamwa, Jebet akageuka.

Roselyne alipojua, alikasirika mpaka kilemba kikamlegea. Akaanza kumtolea chakula kwa magendo, ingawa kutoa chakula mesini nako kulikatazwa, maana hao wakubwa walipokaa kile kikao hawakusahau kitu isipokuwa watu. Alificha chapati tumboni chini ya shati, akaficha paja la kuku ndani ya kilemba. Paka wote wa Abu Hamour wakamjua. Walimfuata kwa mstari kama watoto wa shule, na mmoja wao, mweusi, alikuwa akimsubiri hata kwenye kituo cha basi.

"Nitakufa na harufu ya kuku kichwani," akasema. "Jebet, nenda ofisini urekebishiwe hiyo kadi."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Nitaenda, nimesema."

Ikafika Ijumaa, siku ya mapumziko, wakaamua kwenda kununua chakula chao. Duka kubwa la bei nafuu lililokuwa jirani lilikuwa na kanuni yake: Ijumaa ni ya familia, mwanamume asiye na mke wala mtoto asiingie. Jebet alifika mlangoni na kofia yake, na mlinzi, kijana wa Kisii aitwaye Trevor, akanyoosha mkono.

"Leo ni familia tu, bosi. Rudi kesho."

"Kesho niko kazini."

"Si mimi, bosi. Ni kanuni."

Roselyne akampita Jebet, akamshika mkono, akajilegeza begani kwake. "Huyu ni bwanangu," akasema. "Unataka kuniachanisha na bwanangu mlangoni?"

"Karibuni sana, mama," Trevor akasema, akapisha.

Ndani Jebet alikuwa amevimba. Jikoni hawezi kula kwa sababu si mwanamke, dukani hawezi kununua mpaka awe mume wa mtu. "Nimefanywa bwana kwa ajili ya maharagwe," akanong'ona.

"Nyamaza, baba watoto," Roselyne akamwambia. "Sukuma kitoroli. Na usinipite mbele, unaniaibisha."

Wakapita kwenye mchele, wakapita kwenye unga, na kwenye mayai wakagombana kweli, kama watu waliooana kwa muda mrefu. Wakati wa kutoka Trevor aliwatazama kwa huruma na kumwambia Jebet, "Vumilia, bosi."

Kulikuwa na unga sasa, lakini kupika ni marufuku. Jebet alikuwa na kisufuria cha umeme cha kuchemshia wali, alichokificha ndani ya sanduku la nguo. Akangoja wenzake wa chumba watoke kwenda kuangalia mpira, akakitoa, akasonga ugali humo. Kusonga ugali ndani ya kisufuria cha wali ni sawa na kucheza mpira kabatini. Mwiko haugeuki, mvuke hauna pa kwenda, na chini ukoko unajishika. Mvuke ulipanda mpaka kwenye kile kidude cha dari kinachonusa moto, na kidude kikalia.

Jengo zima likatoka nje. Mamia ya wanaume walisimama kwenye joto la Agosti, joto ambalo kunguru wa huko huvuka barabara kwa miguu wakiogopa kuunguza mabawa, wengine wamejifunga taulo, mmoja ana povu la sabuni kichwani. Gari la zimamoto likaja. Wazima moto wakapanda na mipira yao ya maji, wakakuta ugali. Meneja wa makazi akakichukua kisufuria pamoja na vilivyomo kiwe ushahidi, na ule ukoko ulikuwa mgumu kiasi kwamba hawakuweza kuutoa. Wanasema mpaka leo wanautumia ofisini kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Jebet alipewa onyo. Wanaume wenye taulo nao walimpa onyo lao, ambalo halikuandikwa.

Baada ya hapo alikula alichopata. Biskuti, chai ya kibanda cha mbele, chapati yenye joto la tumbo la Roselyne. Suruali ya sare aliifunga kwa kamba ya kiatu. Mpaka siku moja, akiwa anapiga deki kwenye jengo refu la ofisi, lifti ilipanda na yeye akashuka: aliporomoka sakafuni humo ndani, akapandishwa na kushushwa na watu wenye suti waliomruka kwa adabu. Alipofikishwa zahanati, nesi alimpima, akavuta midomo. "Damu yako ni kidogo. Kula nyama nyekundu, kula mboga za majani, kula matunda. Usiruke mlo." Jebet akamshukuru. Ni kama kumwambia aliyezama asisahau kupumua.

Hapo Roselyne hakuuliza tena. Alimshika kiwiko, akamburuta mpaka ofisini kwa Cheryl.

"Huyu hali," Roselyne akasema. "Kadi yake ina matatizo na mtu anaanguka kwenye malifti."

"Hali vipi, dadangu?" Cheryl akauliza, akagonga kompyuta kwa kucha zake. "Ngoja nione. Jebet, Jebet. Mbona hapa inaonyesha anakula?"

"Anakula nini?"

"Jana kuku. Juzi samaki wa mchuzi. Jumapili pilau na tunda." Akaipindua kompyuta waione. "Hajakosa hata mlo mmoja wa jioni. Kwa kweli ndiye mtu anayekula vizuri kuliko wote."

Jebet akainama kutazama. Kila jioni aliyogusisha kadi mlango wa wanawake mashine ilimwakia kijani, na kwa mashine kijani ni kula. Peninah na bataka yake hawakumo humo. Kampuni ilikuwa imemlisha kikamilifu. Mkaguzi wa serikali angekuja hata kesho, angekuta sheria imefuatwa mpaka tunda la Jumapili. Kulikuwa na Jebet mwingine mle ndani, mnene, anayeshiba kila siku, wala hakumbakizia mwenzake hata mfupa. Alimwonea kijicho kwelikweli.

"Huyo wa kompyuta ameshiba," Roselyne akasema. "Sasa mlishe na huyu."

"Lete bataka niangalie."

Cheryl alipoiona bataka, kucha zikasimama. Akatazama herufi ya kiume. Akamtazama Jebet chini ya kofia. Akanyanyuka, akafunga mlango, akarudi kukaa taratibu kama mtu mwenye sufuria ya maji moto mapajani.

"Ni mimi niliandika," akasema. "Nilidhani ajenti amekosea. Nilidhani nakusaidia." Akashusha sauti. "Wewe unajua wakubwa wakiliona hili wataniuliza nini? Na wewe je, unajua watakuuliza nini wewe? Hatutafika kesho sisi."

"Najua."

"Basi nisikilize. Narekebisha sasa hivi, kimya kimya. Kibet, mwanamume, kadi mpya, unakula jioni hii. Nipe hiyo."

Akanyoosha mkono. Jebet akaitoa kadi mfukoni, akaiweka juu ya meza, lakini vidole vikabaki juu yake. Cheryl akaishika upande wa pili, akavuta. Jebet hakuachia. Cheryl akavuta tena.

"Dada, achilia."

"Naachilia."

"Huachilii."

"Jebet," Roselyne akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka kabisa, "jina halitiwi mchuzi. Kula kwanza. Mimi nitakuita Jebet mpaka nizikwe, kadi iseme inavyotaka."

"Wewe utaniita," Jebet akasema. "Wewe ni mmoja. Na nikipewa ya Kibet, nakula wapi? Kule kwa vijiko? Nilikuwa na mlango wa wanaume kabla ya hii kadi, Roselyne. Nilikuwa nakula mifupa. Mnataka nilipe jina langu ninunue mifupa."

Roselyne akavua kilemba, akakikung'uta, akakifunga upya.

Walikuwa bado wameishikilia kadi huku na huku, mmoja kwa kucha na mwingine kwa njaa, mlango ulipogongwa akaingia Reuben, msimamizi wa zamu, mtu wa Machakos anayelalamika hata akipewa zawadi. Cheryl akaachia kadi kama imemchoma.

"Cheryl, nitafutie mtu wa The Pearl," Reuben akasema, bila kuwatazama wengine. "Ile basement ya magari ya matajiri, kule chini ya ardhi. Nimeuliza jengo zima, hakuna anayetaka. Mmoja ameniambia ana pumu, nikamwambia juzi ulikuwa mshambuliaji kwenye mpira."

"Kwa nini hawataki?"

"Si hilo joto na moshi. Na chakula. Basi linatoka kabla mesi haijafunguliwa na kurudi mesi imeshafungwa, kwa hiyo wa The Pearl ni wa kubeba vikopo. Wali wa baridi mchana, wali wa baridi jioni. Nani atataka?"

Jebet akainua kichwa. "Vikopo vinagawiwaje?"

"Vinagawiwaje namna gani? Vinaandikwa majina kwa kalamu ya wino, mnaitwa mlangoni mwa basi, unachukua, unapanda."

"Jina la kwenye bataka?"

"Jina la kwenye kadi. Nani ana muda wa bataka alfajiri? Hakuna hata mlango, ni basi." Sasa akamtazama. "Mbona unauliza kama polisi?"

"Niandike mimi."

"Wewe? Wewe utaanguka, nimesikia habari zako za lifti."

"Nilianguka kwa kukosa chakula. Niandike."

Reuben akamgeukia Cheryl, kana kwamba yeye ndiye mwenye kujua kama watu wana akili. Cheryl alikuwa anatazama kompyuta yake, ambapo Jebet mnene alikuwa bado anakula pilau. Akabonyeza kitu. Pengine hakubonyeza kitu.

"Mwandike," akasema. "Kadi yake haina tatizo." Na Reuben alipotoka akamwonyesha Jebet ukucha mmoja. "Wakija wakaguzi wakailinganisha na bataka, mimi sikujui, hukuniona, na kucha zangu hujaziona."

"Sijaziona."

Njia nzima ya kurudi Roselyne alinuna. Wapo watu, alisema, wanaohama nchi kwa ajili ya chakula, na wapo wanaohamia chini ya ardhi kwa ajili ya kikopo. Jebet alimwambia asante kwa chapati zote. Roselyne akamwambia asimletee mambo ya asante, yule paka mweusi ndiye wa kumwomba radhi, maana kesho atasubiri bure.

Alfajiri iliyofuata basi dogo lilisimama mbele ya jiko, linanguruma. Wanawake walipanda mbele, wanaume nyuma, na Jebet akatazama kiti cha kukunja kilichokuwa katikati, ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu kinabana makalio. Lakini kwanza vikopo. Na aliyesimama mlangoni mwa basi na kreti mbili, mabega yake yameziba taa, alikuwa Peninah. Kazi ya kugawa ilikuwa yake vilevile.

Jebet karibu ageuke arudi kulala.

Peninah aliinua kikopo kimoja kimoja, akakisoma kwa mwanga wa simu, akaita. Faridah. Collins. Tom. Kila mtu aligusisha kadi kwenye kimashine kidogo alichokivaa shingoni, kikalia, akachukua vyake viwili. Kisha akainua kimoja, akakisoma, akakaa nacho mkononi muda mrefu kidogo.

"Jebet," akaita.

Jebet akasogea, akagusisha kadi. Kikalia kijani. Mkono wa Jebet ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta bataka, kwa mazoea ya kukataliwa.

"Acha hiyo," Peninah akasema kwa ukali. "Nimekuuliza bataka? Hapa sijaambiwa bataka. Nimeambiwa nisome jina kwenye kadi, nisome na kwenye kikopo. Yote mawili yanasema Jebet." Akamkabidhi vikopo viwili. Uso wake ulikuwa ule ule wa kila siku, wa mtu anayefuata agizo na hataki maswali. "Shika vizuri, mchuzi unamwagika, nyabo. Panda, basi linaondoka."

Jebet akapanda, akakaa kwenye kiti cha kukunja, kikambana kama alivyotarajia.

Huko The Pearl, juu, mikahawa imepangana kando ya mashua za matajiri na watu huacha nusu ya samaki sahanini ili waende kupiga picha. Chini, ambako magari hulala, kuna joto la kuivisha mkate na harufu ya tairi. Jebet alipiga deki mpaka mchana, kisha akaketi kwenye ndoo aliyoigeuza, mgongo ukutani, kati ya gari mbili za bei ya kijiji kizima. Akaviweka vikopo juu ya goti. Jina lake liliandikwa kwa wino mweusi kwenye kifuniko, herufi zimelala upande, na mvuke uliokwisha kupoa ulikuwa umeanza kuula mkia wa herufi ya mwisho. Akakipangusa kwa kona ya shati, taratibu, asilifute.

Akafungua. Wali ulikuwa umeshikana kitonge kimoja. Dengu juu yake zilikuwa na rangi ya maji ya kudekia. Akala kijiko, akatafuna, akasimama. Akala cha pili kuhakikisha. Kisha akatoa simu akampigia Roselyne.

"Umekula?" Roselyne akauliza kabla ya salamu.

"Roselyne, hizi dengu hazina chumvi."

Akala kijiko cha tatu.

"Hata chembe. Na wali umepikwa na mtu aliyegombana na maji. Kampuni nzima hii, wapishi wote wale, hakuna anayejua chumvi inakaa wapi? Mtu anaamka alfajiri, anabanwa na kiti, anashuka chini ya ardhi, halafu wanampa hii? Mimi nitaongea na Reuben. Haiwezekani."

"Ongea naye," Roselyne akasema, akasikika kama anacheka huku anafuta macho.

"Na kitunguu je? Hawajawahi kusikia kitunguu?"

Akaendelea kulalamika hivyo mpaka kikopo kikaisha, akakikwangua pembeni kwa kijiko, na akafungua cha pili aone kama nacho ni hovyo vilevile.